Kiswahili Kilipomtoka Mzee

Kila alfajiri mume wangu alinishika mkono, hapa kwenye kiwiko cha mkono, akanivuta mpaka mlangoni, akaninyooshea barabara inayoteremka kwenda mjini, akasema maneno yale yale. Hakuyasema kwa ukali. Kwa upole pia hakuyasema. Aliyasema kama askari anayempa mwenzake zamu. Mimi sikuelewa hata neno moja. Akimaliza ananiachia, anarudi kukaa kitandani, anavaa soksi moja, ya pili anaitafuta mpaka jua linatoka.

Nilikuwa na swali moja tu, na nalisema mwanzoni kwa sababu ndilo lililonikondesha: huyu mtu ananifukuza au ananiomba kitu? Kama ananifukuza, nibebe mtoto wangu niende, miguu ninayo. Kama anaomba, aseme nimpe. Sasa aseme kwa lugha gani?

Yeye ni Mlugbara, wa upande wa Arua, kaskazini ya Uganda. Mimi ni Mkonzo, mtoto wa Bwera, pale mpakani na Kongo. Ndoa yetu iliongea Kiswahili. Tena si Kiswahili cha vitabu nilichojifunza baadaye kwa kusoma mwenyewe. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, kile cha lete maji, wapi soksi, kwa nini iko kimya, nani amekukasirisha. Siku ya kwanza aliponiingiza nyumbani kwake nilimwomba anifundishe kusalimia kwa Kilugbara, ili siku moja niwasalimie watu wake. Alicheka. "Kadogo," alisema (alikuwa ananiita Kadogo, jina la kijeshi la askari mdogo kuliko wote), "hapa nyumbani ni Kiswahili. Hiyo ni amri." Mimi nikaona ni utani mtamu. Sikujua alikuwa anafunga mlango, na nyuma ya mlango kuna watu.

Tulikutana Bwera. Nilikuwa nimemaliza sinia foo, kidato cha nne, cheti changu kiko sandukuni, kazi hakuna. Nilikuwa nauza chakula kwa mwanamke mmoja karibu na soko: bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki wa chumvi, na sombe ya majani ya muhogo siku za soko. Yeye alikuwa sajenti aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Mvi zilikuwa zimeshaingia kwenye masharubu. Alikula polepole, akamaliza, akaosha sahani yake mwenyewe kwenye beseni letu. Wanaume wote walimcheka. Mimi sikucheka. Ndivyo nilivyoolewa: kwa sababu ya sahani moja. Mtu akiniuliza upendo ulianzia wapi, namwambia ulianzia kwenye maji machafu ya beseni.

Mama yangu hakucheka wala hakuosha sahani. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Mama ndiye alikuwa baba, na alikuwa baba mkali. Alisema askari wa watu huja na lori na huondoka na lori, na kinachobaki ni mimba. Alinionyesha kwa kidole nyumba za wasichana wa mtaa wetu, moja moja, kama anayehesabu mihogo iliyooza. Nikamwambia huyu si kama wale. Akasema, "Hata wale walikuwa si kama wale." Siku niliyobeba nguo zangu alisimama kwenye kizingiti na mwiko mkononi: "Ukivuka hapa kumfuata askari wa watu, usirudi. Hata ukisikia nimekufa, kaa huko huko." Nikavuka. Nina kiburi, nimekirithi kwake. Na baada ya mambo ya kusikitisha yaliyokuja kutokea Kasese, askari walipoua watu wetu, kuitwa mke wa afande kwetu likawa tusi, kwa hiyo hata wale shangazi waliokuwa wananipigia simu kwa siri wakanyamaza.

Alipostaafu tulipanga nyumba Kilembe, kwenye zile kota za zamani za wachimba shaba. Bonde ni jembamba kule, asubuhi jua linachelewa kushuka, na mto Nyamwamba unanguruma usiku na mchana. Mtoto alizaliwa huko, msichana. Mzee alimpokea kwa mikono miwili, akamwambia kwa sauti ya paredi, "Ripoti!" Mtoto akalia, akasema, "Vizuri. Iko hai."

Sasa nieleze ugonjwa ulivyoanza, maana watu wananiuliza hukuona? Niliona. Lakini utaona nini wakati mtu mwenyewe ni mcheshi? Siku moja nimetoka kuchota maji, nakuta amemkalisha mtoto juu ya kiti, ameshika brashi na kopo la polishi nyeusi, anamsugua miguu. Miguu inang'aa mpaka kwenye magoti. Mtoto anacheka. Nikacheka na mimi, nikamwambia, "Afande, hizo si buti." Akaniangalia. Akaiangalia miguu. Macho yake yakaingia woga nisioujua. Nikaacha kucheka. Polishi ilichukua wiki nzima kutoka, na majirani waliniuliza kwa nini mtoto wangu amevaa soksi za masizi.

Halafu maneno yakaanza kumtoka. Kwanza majina ya vitu. Kijiko kikawa "hii kitu." Jiko likawa "hii kitu ya moto." Mimi nikawa "wewe," halafu nikawa kupunga mkono tu. Kadogo lilikufa bila kuagwa. Nilidhani Kiswahili chote kitaisha, lakini amri za jeshi zilibaki chini kama mchanga mtungini. Ukisema "simama," anasimama. "Geuka," anageuka. "Kaa," anakaa hapo hapo, hata kama ni kwenye matope. Sikupenda kuzitumia. Mume si gwaride. Lakini siku alipokuwa anateremka kuelekea mtoni amevaa suruali peke yake, nilipiga kelele "Simama!" mpaka wanaume watatu wasiohusika wakasimama pia.

Na Kiswahili kilipotoka, Kilugbara kikajaa. Miaka yote sikuwahi kumsikia akikiongea nyumbani. Sasa alikiongea na ukuta, na kuku, na mtoto, na mimi. Alikuwa mtu mwingine katika lugha ile. Alikuwa na mikono inayocheza. Alikuwa na vichekesho, naona hivyo kwa sababu alikuwa anacheka mwenyewe mwishoni. Nilisimama na sufuria yangu nikawaza: huyu ndiye mume wangu kweli, na mimi niliolewa na mkalimani wake.

Majirani wakasema ni mapepo. Wanamaombi wakaja na gitaa. Mama mmoja mnene akafumba macho, akasikiliza Mzee anavyoongea, akatikisa kichwa kwa furaha: "Ananena kwa lugha! Roho iko hapa!" Wakapiga makofi. Mzee naye akaona watu wanapiga makofi, akaongeza sauti. Nikawaambia, "Jamani, hiyo lugha ina watu wake, ina mji wake, ina soko lake. Roho gani?" Yule mama akafumbua jicho moja akaniambia nina imani ndogo. Nikawatoa nje na gitaa lao. Kilembe nzima ikasema mimi ndiye nimemfunga mume wangu ulimi, nimemlisha muhogo wenye dawa, Mkonzo wa mpakani ni wa kuogopwa. Sawa. Waliogopa, wakaacha kuniomba chumvi.

Hospitali nesi mmoja alinieleza bila haraka, na ninamshukuru mpaka leo. Alisema ni ugonjwa wa ubongo kuzeeka vibaya, kwamba vitu vya karibuni vinatoka kwanza na vya utotoni vinabaki mwisho. "Hatarudi nyuma, dada. Hakuna dawa ya kurudisha. Utamlinda tu." Nikauliza, kwa hiyo mimi ni kitu cha karibuni? Akainamia kadi ya Mzee. Jibu nikalipata.

Lakini yale maneno ya alfajiri. Hayo ndiyo yalikuwa hayaniachi. Mkono, mlango, barabara, maneno, kila siku. Nikayashika kwa kichwa, kama tulivyokuwa tunashika mashairi ya Kiingereza shuleni bila kuelewa. Nilikuwa napeleka matunda ya kijiji cha Mahango kuuza Kikorongo, pale njia panda malori yanapopumzika, na jirani mmoja ananiangalizia Mzee. Nikamkuta dereva mmoja anayetoka upande wa Arua. Nikampa matunda bure, nikasema, "Kaka, nisikilize, uniambie maana." Nikamsomea yote. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Dada, rudia."

Nikarudia.

Akaweka chini tunda. "Dada yangu, lugha yetu inapanda na kushuka. Wewe unaisema imelala. Hayo si maneno, ni kelele ya debe. Lete mwenye maneno."

Nikamleta yeye kwa mwenye maneno basi. Alikuja siku ya pili na lori lake, mtu mwema. Mzee alipomwona mwanaume mgeni mlangoni alisimama wima, akapiga saluti, akafunga mdomo. Dereva akaongea Kilugbara kama maji. Mzee akajibu neno moja, la Kiswahili: "Ndiyo, afande." Dereva akaondoka kichwa chini. Kwa mwanaume yeyote mgeni Mzee alikuwa kazini.

Ikabaki njia moja niliyokuwa naijua tangu mwanzo na nilikuwa naikwepa. Binti yake.

Binti wa mke wa kwanza. Amenizidi umri kidogo. Ameolewa na polisi, wanakaa kwenye laini za polisi, zile nyumba zao za kambini, pale Kasese mjini, na hajawahi kukanyaga kwangu. Mzee aliniambia mke wake wa kwanza alikufa zamani. Zamani ni neno refu, mimi nikalivuta mpaka likanitosha. Nilikuwa tayari nina mimba nilipokuja kujua kwamba alinileta nyumbani udongo wa kaburi ukiwa bado mwekundu, watoto wake wakiwa bado wamenyoa vichwa. Nilimuuliza. Akasema, "Mambo ya nyuma hapana leta mbele." Binti alituma salamu na mtu: siku akionekana mlangoni kwangu, atakuwa amekuja kuzika. Nilimkasirikia Mzee kwa hilo, nikajiwekea kwamba siku moja nitamkalisha chini anijibu vizuri, mbona ulitudanganya wote. Nilikuwa nasubiri mtoto akue kidogo, nipate nafasi. Sasa nimkalishe nani? Aliyenidanganya ameondoka, ameniachia mwili wake niuogeshe.

Nikaenda laini za polisi na mtoto mgongoni. Alikuwa anaanika nguo. Aliniona, akaendelea kuanika shuka mpaka ikanyooka.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi umepotea njia, mama mudogo." Akawageukia wanawake wenzake waliokuwa wanasuka nywele. "Toeni kiti! Mama yangu amekuja! Mnaona mama yangu alivyo mudogo? Mimi ndiye nilimzaa, halafu yeye akanizaa."

Walicheka. Nikawaacha wacheke mpaka wachoke.

"Baba yako anaongea Kilugbara peke yake," nikasema. "Kiswahili kimekwisha. Kila asubuhi ananivuta mlangoni ananiambia kitu. Sikuja unipende. Nataka masikio yako tu, dakika chache, halafu urudi kunichukia."

"Masikio yangu?" Kibanio cha nguo kilikuwa mdomoni, akakitoa. "Masikio yangu yalisikia kila kitu. Mama yangu hata nyasi haijaota juu yake, wewe iko kwa kitanda yake."

"Sikujua."

"Ee, hukujua! Kwa hii Uganda hakuna mtu anajua kitu."

"Alinidanganya. Na wewe alikudanganya. Njoo basi umuulize."

"Atanijibu?"

Hapo sikuweza kusema uongo. "Sidhani."

Akainua beseni lake tupu, akaingia ndani, akafunga mlango. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasukwa akaniambia kwa sauti ya chini, "Nenda salama, dada." Nikatembea mpaka Kilembe kwa hasira, sikuona hata nilipopita.

Binti alikuja siku nyingine asubuhi, bila taarifa, mikono mitupu kabisa, hata mkoba hana. Nadhani alifanya makusudi, ili nisije nikasema alituletea kitu. Mzee alikuwa amekaa nje, juani, anafungua na kufunga vifungo vya shati. Binti akasimama mbali. Kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa amejiandaa, nilimwona, alikuwa amekuja na hotuba nzima.

Mzee akainua uso. Akasimama. Akapangusa kigoda kwa kiganja chake, akakisogeza, akamwita kwa jina. Halikuwa jina lake. Lilikuwa jina la marehemu mama yake, na ndilo neno pekee nililolielewa siku ile.

Binti alisema kitu haraka haraka, anajigonga kifua: mimi, mimi. Hilo halikuhitaji mkalimani. Mzee akacheka kama mtu anayetaniwa na mkewe, akagonga kigoda: kaa. Binti akaniangalia. Sijui alitaka nini kwangu. Nilikuwa na mwiko mkononi na sombe inaungua. Akakaa.

Wakaongea. Nilisimama mlangoni kwangu mwenyewe kama mbuzi kwenye harusi. Mzee alieleza kitu kirefu, mikono inacheza, na yule mwanamke aliyekuja na hotuba akajibu neno moja moja, halafu mawili, halafu ghafla akacheka. Alicheka kweli! Akaziba mdomo kwa mkono, amekasirika kwamba amecheka. Halafu Mzee akainama mbele, akapunguza sauti, akaninyooshea kidole mimi. Akanyoosha kidole kingine barabarani. Yale maneno yakaja. Niliyatambua yote, yamepanga foleni kama kawaida yake.

Uso wa binti ukabadilika.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Mambo ya wazee."

"Nimekuuliza anasema nini."

"Wacha."

"Wewe! Nimekula haya maneno kila asubuhi kama dawa bila kujua ni dawa ya nini. Usipoyasema leo hutoki hapa, nitakukalia juu!"

Akainuka, akasogea karibu nami, na kwa mara ya kwanza akaongea nami bila kejeli, na kwa Kiswahili kilekile cha kambini alicholelewa nacho.

"Anasema, huyu msichana ni mtoto wa watu. Hatujui nani amemleta hapa. Anafanya kazi kutoka asubuhi mpaka jioni, anafua, anabeba mtoto, hakuna mtu kwao anakuja kumuangalia. Anasema, huko kwao mama yake iko analia. Sisi tuko watu wa heshima, hatuweki mtoto wa mtu bila kujulikana. Mupelekeni nyumbani kabla jua haijakuwa kali. Hiyo ndiyo anasema." Akapumua. "Anamwambia mama yangu. Anamuomba mama yangu akupeleke."

Nikageuka kuepua sombe.

"Na anasema unapika vizuri, lakini chumvi kidogo."

Nikaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati. Yeye alikuwa ameshaanza kulia mapema. Tulisimama pale, yeye aliyekuja kudai baba na akageuzwa kuwa mkewe, mimi mke niliyegeuzwa kuwa msichana aliyepotea. Mzee alituangalia kwa huruma, akaona wanawake wawili wanalia, akaingia ndani kutuletea maji. Alileta kopo la polishi.

"Hata mimi hanijui," binti alisema. "Nimetoka nyumbani nikijisemea, leo atanijua vizuri."

"Ulitaka akuombe msamaha?"

"Nilitaka nimkatalie."

Hilo nililielewa kuliko maneno yote niliyowahi kusikia kwa mtu. Nilimpa sombe. Alikula amesimama, akaomba chumvi.

Baada ya yeye kuondoka nilibaki na kichwa kama mzinga wa nyuki. Nilikuwa nimetaka jibu moja: ananifukuza au ananiomba? Sasa nimepewa jibu ambalo ni yote mawili na si hata moja. Ananifukuza kwa sababu ananionea huruma. Ananihurumia kwa sababu hanijui. Mwenye kunijua hakuwahi kusema mama yako analia. Miaka yote, akili yake ikiwa nzima, hakusema hata siku moja, Kadogo, twende tukamsalimie mama yako. Ilibidi anisahau ndipo aone kwamba Mama analia. Nikasirike kwa nani? Nilikasirikia mtoto kwa kumwaga uji. Nikamwomba msamaha, mtoto mdogo vile, akanishangaa.

Kesho yake alfajiri aliponishika mkono sikujivuta. Akafika mlangoni, akasema yake. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatia nguo chache kwenye kavera, mfuko wa plastiki, nikampa kofia na koti lake la kustaafia. Akashangaa kidogo kwamba maneno yamesikika. Akakaza mkono, akatoka.

Jirani alikuwa anafagia. "Mama Toto, unampeleka wapi mgonjwa saa hizi?"

"Mimi simpeleki," nikamwambia. "Yeye ndiye ananipeleka mimi."

Ndani ya teksi hakuniachia. Tulipofika Kikorongo gari likasimama, wauza ndizi wakaja dirishani, akawatikisia kichwa: hapana, ana kazi. Sijui alikuwa anajua tunaenda wapi. Nadhani alikuwa amejiambia kwamba msichana mwenyewe anajua kwao, kazi yake ni kumsindikiza tu. Mimi ndani nilikuwa nabishana na Mama kwa maneno niliyoyatunza miaka yote, nimeyapanga, nimeyanoa. Tulipokaribia Bwera yalikuwa yamebaki matatu, nayo si makali.

Mama alikuwa uani, ameinama, anageuza muhogo uliotandazwa juu ya turubai. Mikono ilikuwa nyeupe mpaka kwenye viwiko. Amepungua. Hilo sikuwa nimeliandaa. Aliinua kichwa, akatuona watatu, hakusimama wima.

Mzee akavua kofia. Akanivuta mpaka mbele yake, akauchukua mkono wa Mama, ule mweupe, bila ruhusa, akauweka mkono wangu ndani yake kama anakabidhi ufunguo wa ghala. Akasema maneno yake. Aliyasema vizuri kuliko siku zote, akainamisha kichwa mwishoni.

Mama aliniuliza kwa Kikonzo, bila salamu: "Anasema nini huyu?"

Sasa mimi nikawa mkalimani. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema anaomba msamaha kwa kunichukua bila mbuzi hata mmoja wa mahari, na hakuna ambaye angenipinga, wala yeye mwenyewe. Ulimi ulikuwa tayari kusema hivyo. Lakini nimechoka na watu wanaosema zamani wakati ni jana.

"Anasema mimi ni mtoto wako. Anasema unalia. Amenileta nyumbani."

Mama aliutazama mkono wangu, umeshaingia unga. "Amechelewa," alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akampapasa mtoto kichwani. Akavaa kofia, akageuka, akashika njia tuliyojia. Alitembea mikono ikipiga vizuri, kama mlinzi aliyepokelewa lindo.

"Mama, anaondoka."

"Mwache. Amekurudisha mwenyewe." Sauti ya Mama ilikuwa na kitu nisichokizoea. "Hapa Bwera sijaona askari aliyemrudisha mtoto wa mtu kwa mkono wake."

Nilisimama. Nasema kweli, nilisimama. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa Mama, na hapo ndipo nilipotaka uwe miaka yote nikijidai sitaki. Nilikuwa nimerudishwa rasmi. Hakuna ambaye angenilaumu. Mzee alikuwa anazidi kuwa mdogo kule njiani, na kwenye njia panda akakunja upande wa kwenda mpakani, Kongo, ambako hana mtu.

Nikamtupia Mama mtoto, nikakimbia.

Nilimpata karibu na wanawake wanaouza vitenge. "Mzee! Mzee, simama!" Akasimama, ni amri. Akageuka, akaniona ninahema, nywele zimefunguka. Akanitazama kwa mshangao mkubwa, halafu akaguna, akatikisa kichwa kama mtu aliyemkuta tena ndama yule yule kwenye shamba la watu. Akanishika mkono. Akaanza kunirudisha kwetu, huku akiniambia yale maneno, na safari hii nilikuwa nayajua yote, moja moja, mtoto wa watu, mama yake analia, kabla ya jua kali. Wanawake wa vitenge walitucheka. "Muzee, umeshika muke wa nani?"

Mama alikuwa amesimama ndani kidogo ya mlango wa ua, mtoto kiunoni. Mzee akaanza upya: akavua kofia, akanyoosha mkono kuuchukua mkono wake, akafungua mdomo.

"Wewe muzee!" Mama alifoka kwa Kiswahili chake cha sokoni, kile cha kugombana na wachuuzi wa Kongo. "Iko watu hapa wanatuangalia! Kaa!"

Mzee akakaa. Hapo hapo, juu ya ndoo iliyofunikwa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, bado ameushika wangu, ikabidi niiname. Mama akashtuka mwenyewe. Hakujua kwamba Mzee bado anatii amri; mlango huo ameufungua kwa ukali tu. Akamtazama yule mtu ambaye kwa ajili yake alinifungia kizingiti chake, sasa amekaa ndani ya ua kwa amri yake mwenyewe. Hakusema karibu. Akaenda kwenye jiko, akarudi na maji ya kunawa, akayaweka chini katikati yetu kwa kishindo.

"Na wewe kaa," aliniambia.

Mimi si wa kuamrishwa. Na sikuwa nimemsamehe mtu, wala hakuna aliyeniomba. Lakini mkono ulikuwa haujaachiwa, na mgongo ulianza kuuma. Nikakaa.